Jikaze Si Dawa

Kuna neno ambalo mgonjwa wa Sirisia hulisikia mara nyingi kuliko jina la ugonjwa wake: jikaze. Hulisikia kwa nesi, kwa shemeji aliyekuja kumwona na sukari kilo moja, kwa pasta, na hata kwa daktari aliyeinamisha kichwa akiandika Panadol. Jikaze baba. Jikaze mama. Mungu yupo. Halafu wote wanaenda zao, usiku unaingia, na mwenye kansa ya koo au ya mlango wa kizazi anabaki akiangalia ukuta mpaka jogoo wawike.

Mimi nasema limetosha. Na nasema hivi nikijua kuna madaktari watakaosoma hapa wakunje uso: wengi wa watu wetu wanaokufa wakilia hawalii kwa sababu ugonjwa umeishinda dawa. Wanalia kwa sababu dawa iko duniani, imekuwepo kwa miaka 200 na zaidi, bei yake si ya kutisha, na mtu aliyeshika kalamu ameogopa kuiandika au hakufundishwa kuiandika.

Dawa hiyo ni morfini.

Kwanza tumalizane na hili jambo la ushujaa, kwa sababu ndilo linalotufunga mdomo. Sisi Wabukusu tunajulikana. Agosti ya kila mwaka shufwa, kijana anatoka mtoni akiwa amepakwa matope, anasimama uwanjani kwa baba yake, kisu kinapita, na haruhusiwi hata kupepesa jicho. Bila ganzi. Wajomba wanaangalia, shangazi wanaangalia, kijiji kizima kinahesabu. Sina ugomvi na sikhebo. Ugomvi wangu ni na wale wanaochukua ushujaa wa asubuhi moja na kuufanya sheria ya kufia. Uchungu wa kisu una mwisho. Una mashahidi, una ng'ombe, una vifijo, na kijana anatokea upande wa pili akiwa mtu mzima. Uchungu wa kansa iliyoingia kwenye mfupa hauna upande wa pili. Hakuna anayepewa ng'ombe kwa kuuvumilia. Na yule mama ambaye hakupitia kisu chochote, naye anaambiwa jikaze kwa sababu alizaa watoto saba. Kwani uzazi ulikuwa mtihani wa kumwandaa afe vibaya?

Hebu tuseme pia ukweli juu ya kazi ya maumivu makali nyumbani. Mtu halali. Asipolala hali. Asipokula anaisha haraka kuliko ugonjwa ulivyopanga. Hawezi kukaa na watoto wake awaambie shamba linaishia wapi, nani anadaiwa, nani anamdai. Familia inauza ng'ombe pale Chwele, si ya kulipia tiba ya kuponya, hapana, ni ya gari la kumrudisha hospitali mara ya nne kwa sababu analia na hakuna anayejua la kufanya. Huko anadungwa sindano moja, anatulia saa chache, anarudishwa. Hiyo ndiyo tunaita kuvumilia. Mimi naiita hasara.

Sasa morfini ni nini? Inatoka kwenye mpopi, mmea uleule wa kasumba. Mjerumani mmoja, Friedrich Sertürner, aliitenga mwanzoni mwa karne ya 19, kwa hiyo hakuna kampuni inayoweza kudai ni yake. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya 1977. Huja kama unga. Famasia anauchanganya na maji na kitu cha kuzuia usiharibike, anatia kwenye chupa, na mgonjwa anakunywa kipimo chake nyumbani. Hahitaji kulazwa. Hahitaji sindano. Anahitaji saa ya ukutani au simu yenye kengele, maana morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kabla uchungu haujarudi. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi yake ya kutibu maumivu ya kansa: anza na dawa nyepesi, panda kwa zile za katikati, maumivu yakizidi panda hadi morfini. Kwa mdomo, kwa saa, kwa ngazi. Miaka karibu 40 sasa. Wagonjwa wetu wamekwama kwenye kidato cha kwanza cha ngazi, wanatafuna Brufen.

Nitawapa mfano mmoja wa kwetu. Senge yangu alikuwa na kansa ya matiti iliyofika uti wa mgongo. Tulimpeleka hospitali moja, sitaitaja, na tukauliza morfini kwa jina. Tukaambiwa, "Hiyo bado. Hiyo ni ya watu wa mwisho." Tukarudi naye baada ya wiki tatu, hawezi tena kukaa, tukauliza tena. Daktari mwingine, mpole kabisa, akatuambia, "Sasa amekuwa dhaifu sana, hiyo itamuua." Nimeliwaza jibu hilo mara nyingi. Kwanza alikuwa mzima mno, kisha akawa mgonjwa mno. Katikati hapo, siku ambayo alistahili dawa ilikuwa ipi? Alhamisi gani? Hakuna aliyeweza kutuonyesha kwenye kalenda. Alizikwa bila kuonja hata kijiko kimoja.

Wale madaktari wawili hawakuwa watu wabaya. Na hapo ndipo shida ilipo. Mtu mbaya unaweza kumshtaki. Mtu mwema asiyejua, anayesema asichokijua kwa sauti ya upole, utamfanyaje?

Wanaogopa mambo matatu, na yote matatu yana majibu.

La kwanza: atakuwa teja. Jamani. Mama amebakisha wiki, mifupa inavunjika akigeuzwa kitandani, na sisi tunajadili kama ataharibu maisha yake kwa ulevi. Hata kwa yule mwenye miaka mbele yake, kuna tofauti ambayo mwanafunzi wa udaktari anapaswa kuijua kabla ya kupewa koti jeupe. Mwili kuizoea dawa ni jambo moja. Ukikata ghafla utaumwa, kwa hiyo unapunguza polepole, kama vile unavyofanya na predinisolo ya mtu wa pumu aliyeinywa muda mrefu. Uteja ni jambo lingine: ni kuitafuta dawa huku inakubomoa, uuze bati la nyumba ili uipate. Mgonjwa wa kansa anayetazama saa akingoja kipimo chake hatafuti starehe. Anatafuta kulala.

La pili: itamuua, itamkata pumzi. Kipimo kikubwa cha ghafla, ndiyo, kinaweza. Ndiyo maana unaanza kidogo na kupanda hatua kwa hatua, na kwa kawaida usingizi mzito hutangulia kukuonya. Iko dawa ya kuirudisha nyuma, naloksoni. Shida ya kila siku ya morfini ni choo kugoma, na hiyo inatibika kwa dawa rahisi ya kulainisha tumbo ambayo inapaswa kuandikwa kwenye karatasi ileile. Sasa linganisha. Kila kemisti kuanzia Malakisi hadi Kitale inadunga diklofenaki kama maji. Dawa za jamii hiyo zinatoboa tumbo na kuua figo kwa mtu mzee anayezitumia kila siku, na hakuna anayeziwekea kufuli. Hospitalini nako wanakimbilia pethidini kwa maumivu ya wiki nyingi, ilhali mabaki yake hujikusanya mwilini na yanaweza kuleta kifafa. Kwa hiyo si kwamba madaktari wetu wanaogopa dawa hatari. Wanaogopa dawa wasiyoizoea.

La tatu: sheria. Ni kweli, sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 ina meno, na daktari akiisoma haraka anaona kifungo tu. Lakini sheria hiyohiyo inaacha mlango wa tiba wazi. Na mkataba wa dunia wa 1961, ambao ndio mama wa sheria hizi zote, unasema katika utangulizi wake kwamba matumizi ya dawa hizi kwa kutuliza maumivu hayana mbadala na kwamba nchi zihakikishe zinapatikana. Nchi zilijifunza nusu ya mkataba. Zikajua kufunga kabati, zikasahau kulifungua.

Nasikia wengine wanasema, "Na Marekani je? Hamkuona yaliyotokea?" Tumeona. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilileta sokoni vidonge vya OxyContin na kuwaambia madaktari wasiwe na wasiwasi, uteja ni nadra. Watu waliandikiwa vidonge vya mwezi mzima kwa mgongo unaouma. Makaburi yakajaa, na mwaka 2020 kampuni ilikiri makosa ya jinai mahakamani. Hilo ni funzo, tena kubwa. Funzo lenyewe ni kwamba dawa hizi zisiandikwe na watu waliofundishwa na wachuuzi. Halisemi zisiandikwe kabisa. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilihesabu kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Soma tena. Wenzetu wanakufa kwa mafuriko na sisi tunanyimwa maji ya kunywa, ati tusije tukazama. Najua Kenya kwenye vitabu vya uchumi haimo katika lile kundi la mwisho. Mgonjwa aliyelala Namwela hali vitabu vya uchumi.

Na vijana wanaotafuna tramadoli stendi? Wapo. Nendeni mkawashike wanaowauzia kaunta bila karatasi. Huko ndiko kwa kuziba. Kumnyima bibi wa miaka 70 chupa iliyoandikwa jina lake, kwa sababu kijana wa boda amenunua vidonge kwa mlango wa nyuma, ni kumchapa mtoto aliye karibu kwa kosa la aliyekimbia.

Sasa tazameni ng'ambo ya mto. Pale Lwakhakha daraja ni fupi. Upande huu ni Kenya, upande ule ni Uganda, na watu wa pande zote mbili ni ndugu wa Masaba, tunaoana, tunazikana. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda kule Kampala. Wakaanza kuchanganya morfini ya maji, ya bei nafuu. Halafu wakaona ukweli ambao hata mtoto angeuona: madaktari ni wachache, vijijini hakuna. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha kanuni zake, nesi na klinikali ofisa waliofunzwa tiba shufaa wakaruhusiwa kuandika morfini. Serikali ikaitoa bila malipo. Sisemi Uganda ni peponi, iko na mashimo yake. Nasema tu kwamba nchi isiyotuzidi utajiri iliamua, na sisi tukatazama.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: kabla ya kwenda Kampala, Merriman alikuwa Nairobi. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990 na yeye ndiye alikuwa mkuu wake wa kwanza wa tiba. Maarifa yalipitia kwetu kwanza. Yalikunywa chai yakaendelea na safari.

Tangu hapo tumekusanya makaratasi. Mwaka 2010 Human Rights Watch walichapisha ripoti juu ya watoto wa Kenya wanaokufa kwa maumivu. Waliikuta morfini ya kunywa katika hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za umma. Mwaka huohuo tukapitisha Katiba, na kifungu cha 43 kikasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Mwongozo wa taifa wa tiba shufaa ukatoka 2013, mwaka uleule afya ilipohamia kaunti. Mwaka 2014 Mkutano wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziingize tiba shufaa kwenye huduma za kawaida. Sera ya taifa ikaja 2021. Hospitali zimeongezeka, na kuna manesi na madaktari wanaofanya kazi hii kwa mapenzi, wengine kwa nauli ya mfukoni mwao. Hao nawavulia kofia. Lakini mgonjwa hanywi sera. Dawa ikiwa Eldoret, au hata Bungoma mjini, na yeye hawezi kukaa kwenye bodaboda, basi kwake dawa hiyo haipo.

Na kama kuna kaunti isiyo na kisingizio, ni yetu. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha shahada ya uzamili ya udaktari wa familia, ya kwanza nchini, na mahali palipochaguliwa kuwafunzia ni hospitali ya Webuye. Hapa kwetu! Daktari wa familia ni yule anayetakiwa kumjua mtu mzima, si ini lake wala pafu lake. Anajua nani anapika, nani ameacha shule kumuuguza mama, maji yanatoka wapi. Yeye ndiye angekuwa mwalimu wa kila klinikali ofisa kutoka Lwandanyi hadi Kimilili juu ya jambo hili. Ikiwa daktari wa aina hiyo atajua kila kitu juu ya presha na sukari, kisha afike kwenye maumivu ya mwisho aanze kubabaika, basi tumemfundisha kumjua mtu mzima isipokuwa siku anapomhitaji zaidi.

Msidhani hili ni la wanaokufa tu. Muulize kijana mwenye selimundu. Ugonjwa huu uko Magharibi, tunaujua. Damu inakwama kwenye mishipa, mifupa inawaka, na anaingia hospitali akijua jina la dawa inayomsaidia kwa sababu ameumwa tangu utotoni. Anaitaja. Kuitaja kwenyewe kunakuwa ushahidi dhidi yake: huyu anatafuta sindano. Anaachwa kwenye benchi ajikaze. Mgonjwa wa presha akitaja dawa yake anasifiwa kwa kumbukumbu nzuri.

Basi tunataka nini? Vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mkopo wa nje.

Moja, morfini ya kunywa iwe kwenye kila hospitali ya kaunti ndogo, Sirisia ikiwemo, na ikiisha kaunti itangaze kwamba imeisha, kama inavyotangaza damu ikiisha.

Mbili, hakuna daktari wala klinikali ofisa anayehuisha leseni yake bila kuonyesha amesoma juu ya maumivu. Tayari wanatakiwa kukusanya alama za masomo kila mwaka. Alama chache zitoke hapa.

Tatu, wenye kuandika waongezwe. Nesi aliyefunzwa tiba shufaa apewe kalamu kwa maneno yaliyo wazi kwenye sheria, kama jirani alivyofanya 2004.

Nne, na hili ndilo nitalipigania mpaka nizeeke: daktari anayekataa kumpa morfini mgonjwa mwenye maumivu makali aandike sababu kwenye faili, na aweke sahihi. Akitoa dawa anaandika kwenye rejista, si ndiyo? Basi akinyima pia aandike. Nina imani kwamba siku tutakapoanza kusoma sababu hizo, nyingi zitaona haya zenyewe.

Na wewe msomaji, una kazi yako. Kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti kikiitwa, usiulize barabara peke yake. Simama uulize: mwaka uliopita kaunti ilinunua morfini kiasi gani, na ilinywewa wapi? Ukimpeleka mgonjwa, usingoje aulizwe. Kuna kipimo kinachotumika Afrika hii yetu, hakina gharama: mkono. Ngumi iliyofungwa ni hakuna uchungu, vidole vitano ni uchungu usiovumilika. Mfundishe mzee wako nyumbani kabla hamjapanda gari. Akifika kwa daktari anyooshe mkono wake wote, vidole vitano, na asiushushe mpaka kitu kiandikwe. Daktari akisema jikaze, jibu kwa heshima: "Daktari, amejikaza tangu Januari. Leo tumekuja kuchukua dawa."